Viwavi wa Herieth

Mjukuu wangu Herieth anasomea mimea chuo kikuu, na mwaka huu alileta utafiti wake kwangu, huku Kibosho. Alipanda tumbaku mistari miwili nyuma ya banda la mbuzi, miche kumi kila mstari, kila mche akauvalisha kipande cha chandarua kama bi harusi. Mstari wa kwanza akautia viwavi. Wa pili akauacha salama.

"Bibi, ndani ya jani kuna vyumba vidogo vidogo, vinaitwa seli," alinieleza. "Mmea ukiwa na amani, hakuna kitu. Kiwavi akiuma tu, seli inatengeneza protini fulani ya kushika sukari. Sukari yenyewe imebandikwa kwenye protini nyingine, mpaka ndani ya kiini cha seli. Nadhani ndivyo mmea unavyojipanga kupigana."

"Unadhani?"

"Ndiyo maana natafiti."

Mimi niliishia darasa la nne, lakini jambo moja nililielewa vizuri: viwavi walikuwa wanamaliza mstari wenye majani mapana, na ugoro wangu ulikuwa umeisha. Ugoro ambao Herieth alijua nimeuacha tangu Pasaka, maana niliapa mbele ya padri.

Alipokwenda Moshi mjini siku mbili, nikawahamishia viwavi mstari wa pili, na wao wabadilishe hoteli. Kesho yake nikawarudisha, nikachuma majani waliyoyatoboa kule mstari wa pili ili asigundue, nikayakausha darini yawe ugoro. Herieth aliporudi akauliza majani ya chini yameenda wapi. Nikamsingizia mbuzi. Mbuzi hajitetei.

Wiki tatu baadaye akaja kutoka maabara, alikopeleka majani ya mistari yote kupimwa, akakaa jikoni, kichwa magotini.

"Protini imeonekana mistari yote miwili, Bibi. Mwalimu anasema nimechafua sampuli. Anasema labda kazi hii imenizidi. Nami naona kweli. Naacha."

Nilikoroga ndizi ambazo hazikuhitaji kukorogwa. Huyu nimemlea tangu mama yake afariki. Akivunja kikombe, huja kusema mwenyewe kabla hujauliza.

"Si wewe," nikasema. "Ni mimi."

Nikamweleza yote: viwavi, ugoro, mbuzi. Alinitazama mpaka nikaona haya.

"Uliwapeleka kwenye miche yote kumi?"

"Minane. Ile miwili ya mwisho iko bondeni, goti lilikataa."

Akafungua daftari. Kidole kikashuka ukurasa, kikasimama.

"Wa tisa na wa kumi, hakuna kitu," akasema polepole. "Bibi, protini imetokea pale tu ulipopeleka viwavi."

"Basi hukuchafua."

"Sikuchafua." Hapo ndipo alipolia, kichwa kwenye bega langu, na ndizi zikaungua kidogo.

Akampigia mwalimu wake palepale, akamsimulia kila kitu, hata habari ya padri. Nikamsikia mtu mzima anacheka mpaka anakohoa. Itabidi arudie kwa miche mipya, lakini haachi.

Tumepanda tena Jumamosi. Ugoro ameuficha yeye. Jioni ananipimia kwa ncha ya kijiko, na kila jioni anasema hii ndiyo ya mwisho.