Nani Aanze Kung'oa

Tangu kulipopambazuka Mzee Kalisti alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya mibuni yake, panga limelala magotini. Chai aliyopelekewa ilipoa ikaota utando. Salvina, mke wa mwanawe, alipita kando mara tatu na ndoo ya samadi, na mara zote tatu mzee hakumtazama.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Bwana shamba Eliakim alikuwa anapanda na pikipiki kutoka Moshi kuja kukagua mashimo. Kikundi cha wakulima kilikuwa kimempangia Salvina miche arobaini ya kahawa mpya, ile isiyoshikwa na chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni ingali mbichi mtini. Sharti lilikuwa moja: mibuni ya zamani ing'olewe, mashimo yachimbwe. Asiyekuwa tayari, miche yake inakwenda kwa anayefuata.

Na anayefuata alikuwa Yuditha, jirani wa ng'ambo ya mfereji, aliyekwisha kufika na tenga lake.

"Naona mashimo yako bado yamo kwenye jembe," Yuditha alisema.

"Yatachimbwa."

"Lini, mwenzangu? Shingo inaniuma kwa tenga hili."

Salvina akaitazama mibuni. Miaka mitatu walivuna buni nyeusi, nyepesi kama makapi. Dawa ya kupulizia, iliyokuwa ikitolewa na ushirika, siku hizi ilikaa dukani na bei yake haikushikika. Mumewe Gerson alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa huko chini, na alishasema: mwaka huu ukipita hivi hivi, atamchukua yeye na watoto wakaishi kwenye kambi ya vibarua. Salvina aliiona ile kambi mara moja. Hakutaka watoto wake wakulie pale.

Akaweka ndoo chini, akapiga magoti mbali kidogo, kama impasavyo mkwe.

"Baba, bwana shamba yuko njiani. Naomba tuanze."

"Atakayegusa mti wangu nitaanza na mkono wake."

"Baba, hii haizai tena."

"Wewe una migomba yako. Kahawa ni ya wanaume." Akashika mpini wa panga, akauliza, "Na nani atakwenda kulala ndani? Wewe?"

Salvina hakuelewa. Kabla hajauliza, pikipiki ilizimwa kwenye ua wa masale, mimea ya mpakani, na Eliakim akaingia na daftari lake kwapani.

"Shikamoo, Meku," alisema, akimwita mzee kwa lugha ya pale.

"Marahaba. Umekuja kunifunga au kunifungua?"

"Kukufunga kwa lipi, Meku?"

"Mwaka wa sabini na sita niling'oa mibuni hapa nipande nyanya. Akaja bwana shamba, viatu vinang'aa kama vyako. Akasema kung'oa kahawa ni kosa. Nikalala ndani siku tisa, nikatoka nikaambiwa nipande yote upya. Ndiyo hii." Akagusa shina kwa ncha ya panga. "Leo mnasema ning'oe. Kesho mkibadili neno, nani ataonekana na jembe mkononi?"

"Hayo yalikwisha. Siku hizi ni soko huria, mkulima anaamua mwenyewe."

"Basi andika kwamba umenituma."

Eliakim alifungua daftari, akalitazama, akalifunga. "Kuandika hivyo siruhusiwi, Meku."

"Umeona?"

Yuditha akakohoa. "Bwana shamba, jina linalofuata ni langu."

Kalamu ikatoka mfukoni. Salvina aliona ncha yake ikitafuta mstari wa jina lake iukate. Akasimama, akachukua jembe lililoegemea mgomba, akampita mzee, akamshikisha Eliakim mpini.

"Baba hajakataa miche," alisema, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa mbele ya mkwewe. "Anakataa kuwa wa kwanza. Anza wewe."

Mzee Kalisti akageuza shingo. Panga lilikuwa limeinuka kidogo magotini.

"Umemsikia mke wa mwanangu," mzee akasema.

Eliakim alicheka, akaona anacheka peke yake. Akavua saa, akakunja suruali. Pigo la kwanza liligonga mzizi, jembe likaruka.

"Wewe, unachimba fuko au unambembeleza?" Yuditha akamtania.

Alipiga tena na tena, jasho likimdondoka puani, mpaka mti ukalala ubavu na mizizi yake nje.

"Yuditha," mzee akaita. "Nani ameng'oa?"

"Si nimeona mwenyewe."

"Sema."

"Bwana shamba ameng'oa."

Hapo ndipo Mzee Kalisti aliposimama. Akaenda kwenye mti wa pili, akainama, akakata mizizi ya pembeni kwa mapigo mawili.

"Safu hii tu," akasema. "Miti kumi na minne. Mingine niachieni mpaka nione hiyo yenu inazaa nini."

Eliakim akaandika: Salvina miche kumi na minne, Yuditha ishirini na sita. Yuditha akaenda zake bila kuaga.

Miche kumi na minne haikutosha kumrudisha Gerson kutoka kwenye miwa. Ilitosha yeye na watoto wasiende kambini. Salvina alilitwaa jembe mikononi mwa Eliakim, akaingia kwenye shimo la kwanza na kuanza kulipanua, upesi, mzee asije akahesabu upya.