Kidonge cha Mwalimu wa Udereva

Mume wangu ni mwalimu wa udereva, na saa zake za kazi mtaa mzima unazijua kwa kumsikia. "Klachi! Klachi, nimesema! Huo ni mguu au gogo?" Hata nyumbani tunamwita Mwalimu, maana ndilo jina analoliitikia bila kununa. Mimi ni muuguzi wa zahanati. Mtihani wa udereva nimeshafeli mara mbili, na mara zote mbili aliyenifundisha ni yeye.

Wiki ile mzio ulimshika. Macho mekundu, makamasi, chafya saba mfululizo mpaka kioo cha mbele kikaloa. Nikamletea vidonge na kumwambia yale ninayowaambia wagonjwa kila siku: vinaleta usingizi, vinakausha kinywa, usichanganye na pombe wala dawa nyingine ya mafua, na usiendeshe chombo cha moto.

"Mimi siendeshi," akasema. "Nafundisha. Anayeendesha ni mwanafunzi."

Nikamkumbusha kwamba upande wake kuna breki ya pili. Akaitoa karatasi ya boksini, akanisomea neno kwa neno. "Haya, nionyeshe palipoandikwa mwalimu." Hapakuwepo. Mtu akishakuwa mbishi, hata boksi la dawa analigeuza wakili wake.

Jumatatu tukatoka kufanya mazoezi. Mtihani wangu wa tatu ulikuwa Ijumaa, na zahanati ilikuwa imeniahidi gari la kuzungukia wagonjwa majumbani nikipata leseni. Mtaa wa kwanza Mwalimu alifoka, wa pili akanung'unika, wa tatu kimya. Nikamtupia jicho: kidevu kifuani, kinywa wazi. Nikabadilisha gia, haikukwaruza. Nikazunguka mzunguko wote bila kupigiwa honi, kisha nikaegesha kinyumenyume kati ya malori mawili. Kumbe kuendesha nilikuwa najua.

Sasa niseme kosa langu. Jioni ile nilipaswa kumwambia. Badala yake, Jumanne asubuhi nikamwekea kidonge kando ya kikombe cha chai. Akanishukuru: "Mke ni huyu." Jumatano nikamwekea tena. Mimi huyu huyu, ninayewagombeza kina mama wanaowapa watoto dawa ya mafua ili walale! Wanasema mganga hajigangi. Mimi nilifanya vibaya zaidi, na nilifanya nikiwa nimevaa sare.

Alhamisi, bila kuniambia, akajiongezea dawa ya kikohozi ya maji, ambayo ndani yake mna dawa ile ile. Hatujatoka mtaani kwetu, tayari anakoroma. Tulipofika kona ya sokoni, muuza mikate akakatiza na baiskeli mbele yetu.

Mguu wangu ukasubiri. Miezi yote ya kujifunza, penye hatari breki ilikanyagwa na yeye, mimi kazi yangu ilikuwa kupiga yowe. Basi nikapiga yowe. Gari likazidi kwenda. Hapo ndipo akili ikanijia kwamba mwenye breki amelala, na aliyemlaza ni mimi, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote.

Tulisimama shubiri moja kutoka kwenye gurudumu la baiskeli. Mikate ilitapakaa barabarani. Muuza mikate aliwataja wazazi wangu wote wawili, na haki alikuwa nayo.

Mwalimu akazinduka. "Umeona? Umeona faida ya breki yangu? Mguu huu haulali!"

Njia nzima ya kurudi alikuwa akinihadithia jinsi alivyomwokoa yule mtu. Getini tukamkuta mwanafunzi wake mpya, binti mshonaji, siku yake ya kwanza, amesimama mbali na gari kana kwamba linang'ata. Mwalimu akamfungulia mlango. "Usiogope, binti yangu. Nikiwepo mimi, hakuna ajali."

Nikachomoa ufunguo. "Ulilala, Mwalimu. Breki nimekanyaga mimi. Unalala tangu Jumatatu, na mimi nikanyamaza, tena vidonge nikawa nakuwekea mwenyewe."

Akacheka. Kisha akamtazama yule binti, akanitazama mimi, kicheko kikamwishia. Akamwambia binti arudi wiki ijayo. Akakaa kwenye ngazi ya mlango, nami nikasubiri kufokewa. Siku hiyo nilistahili.

"Tangu Jumatatu," akasema. "Na uliegesha?"

"Kati ya malori mawili."

"Kinyumenyume?"

"Kinyumenyume."

Akafuta macho. Sijui kama ulikuwa mzio.

"Kwani mimi nafoka sana?"

Miaka kumi na tisa ya ndoa, maswali yake nimekuwa nikiyajibu kwa kumpoza. Nikakaa kando yake pale kwenye ngazi.

"Ndiyo," nikasema. "Sana."