Taa ya Mkwe

…na sasa anasema zima, mara anasema washa, kana kwamba kilichoharibika ni kidole cha Hadija na si kazi ya mikono yake mwenyewe, washa, amewasha, zima, amezima, na taa ya ngazi imetulia tu pale ukutani haina habari na mtu, balbu mpya, holda mpya, na Zuberi mume wake amechuchumaa kule chini mlangoni pa jiko, bisibisi mdomoni, swichi ya chini imening'inia nyaya nje, Hadija amesimama huku juu mlangoni pa nyumba ya mama yake na swichi ya pili, na katikati yao ngazi za mawe zilizolowa ukungu, alasiri hii tu na tayari Lukozi yote imefunikwa, huwezi kuona hata kabichi za jirani, na lile jiwe lenye pembe bado liko pale pale, hakuna aliyeling'oa, mtu kavunjika mguu juu yake na hakuna aliyeling'oa… "Jaribu tena," akasema Zuberi, akajaribu, wapi, na kutoka chumbani mama akaita, sauti ya mtu aliyelala chali mguu umefungwa hogo la plasta hadi pajani, "Hadija, mwambie mkwe apumzike, taa yake haina neno, ni mimi niliyekanyaga vibaya," na Hadija akahisi damu inampanda kichwani, haina neno, mama, haina neno, wewe umelala hapo unakwenda haja kwa beseni na taa haina neno. Na alipaswa kumwambia Zuberi. Ndivyo ilivyo, mama hasemi na mkwe wake, hamtaji jina, hali chakula mbele yake, neno la mama linapita mdomoni mwa Hadija na neno la Zuberi linarudi mdomoni mwa Hadija, miaka yote ya ndoa yeye ndiye bomba, "Mama anasema upumzike," akatamka kuelekea chini, na Zuberi akajibu bila kuinua kichwa, "Mwambie asijali, namalizia," na yeye akageuza shingo, "Anasema anamalizia," upuuzi mtupu, watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa… akikumbuka umeme ulipofika, fundi alikuwepo, fundi wa kweli mwenye cheti, Zuberi akakataa, nyumba ya mkwe wangu naiwasha mwenyewe, yeye dereva wa Fuso la kabichi aliyejifunza umeme kwa kumshikia fundi ngazi, na kijiji kizima kikamsifu, mama akachinja jogoo, Zuberi akatembea kifua mbele wiki nzima, swichi mbili kwa taa moja, unawasha juu unazima chini, nani mwingine alikuwa nayo? Na waya mmoja akauweka pasipo pake, basi, waya mmoja, swichi ya chini ikilala upande huu, ya juu inakuwa pambo la ukutani. Haya Hadija hakuyajua, aliyajua juzi tu kwenye benchi la hospitali Lushoto, kutoka kwa Rukia jirani, alivyosema kwa utaratibu tu akimenya chungwa, mama yako alishaijua tabia ya ile taa, kila siku baada ya swala ya alasiri anashuka mpaka jikoni kuiweka sawa swichi ya chini, ili usiku ya juu imtii, hukujua? Hakujua. Mwaka mzima mtu mzima anashuka ngazi na kupanda ngazi kuibembeleza swichi, kwa sababu kumwambia binti ni sawa na kumwambia mkwe, na kumwambia mkwe kwamba kazi yake mbovu ni aibu, bora giza, bora jiwe. Hasira na huyu mwanamume aliyejipa ufundi, hasira na huyu mama, ndiyo, na mama pia, mama zaidi… "Mimi hata sielewi," Zuberi akasema huko chini, sasa bisibisi kaitoa mdomoni, "mbona Jumapili nilipoleta mbolea ilikuwa inawaka vizuri? Nilizima hapa hapa chini wakati naondoka, nisimmalizie mama yuniti zake. Na yeye alikuwa amekaa hapo hapo ulipo, aliniona." Alikuwa amekaa hapo. Hadija akatazama kizingiti chini ya miguu yake, Jumapili, Jumapili ndiyo jioni aliyoanguka, akishuka kufuata maji ya moto ya kutawadha… mama alikuwa hapa, kanga imevutwa usoni kama inavyotakiwa, akamwona mkwe wake mpole, mwenye nia njema, ananyoosha mkono na kuzima, akajua pale pale kwamba usiku huo ngazi zitakuwa giza, neno moja tu, iache, na hakulisema, akangoja bomba, na bomba lilikuwa mjini linauza karoti, na labda magoti yalimuuma akashindwa kushuka kuirudisha mapema, au alisinzia, au aliona haya kuirudisha mkwe akiwa bado anawasha pikipiki barabarani. Daktari amesema akianguka tena ndiyo basi. Ataanguka tena. Si kwa taa hii, taa hii itapona leo au kesho, ataanguka kwa kitu kingine asichokisema, dawa, baridi, maumivu, atakufa kwa adabu mama huyu na sisi tutasema alikuwa mtu wa heshima sana, na mimi nitakuwa nimesimama katikati nikipokea maneno na kuyapeleka, yale tu wanayokubali kuyatoa… kidole kilikuwa kinauma, alikuwa anaibonyeza swichi kwa nguvu bila kujua. "Muulize mama," akasema Zuberi, "ilikuwa inamsumbua tangu lini?" Hadija akafungua mdomo, shingo ikaanza kugeuka yenyewe kama ilivyozoea, akaizuia. Chumbani kitanda kililia kidogo, mama alikuwa amesikia kila kitu. "Muulize mwenyewe," Hadija akasema, si kwa sauti kubwa, "anakusikia," na akabaki pale mlangoni, amefumba mdomo, na taa bado haijawaka.