Marahaba ya Sista Violeth

Sista Violeth alikuwa na tabia moja iliyomtia Oliva kinyaa. Ukimwamkia, anakuacha umesimama. Marahaba ilikuja pale alipojisikia, na kabla haijaja, ole wako ufungue mdomo. Shikamoo ni heshima, na Oliva, mtoto wa wakulima wa kijiji cha Daudi, hakuhitaji kufundishwa hilo. Lakini mama huyu aliigeuza fimbo ya kuwachapia wauguzi wadogo, na wodi nzima ya wazazi ilijua.

Wiki iliyopita Oliva alianza kumweleza habari za mgonjwa kabla hajaitikiwa. Violeth alimshika mkono, akampitisha kitanda kwa kitanda.

"Mtazameni huyu," aliwaambia wazazi. "Cheti cha uuguzi anacho, adabu hana. Kwao hawakumlea."

Wagonjwa waliinamisha vichwa kwa aibu isiyokuwa yao. Wauguzi wengine wakacheka, maana anayecheka na Violeth hapangiwi zamu mbaya.

Leo Fransiska, aliyetoka kijiji cha Maretadu, alikuwa amejifungua salama mtoto wa kiume, uzazi wake wa kwanza. Oliva alipofunua shuka kumkagua, alikuta damu imelowanisha godoro na bado inatoka. Akaanza kumkanda tumbo, akamwita mwenzake Hadiya ashike nafasi yake, mwenyewe akakimbilia chumba cha chai. Dawa ya kuzuia damu ilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikaa mfukoni mwa Violeth.

"Shikamoo, Sista."

Violeth alikuwa anamega chapati huku akimsimulia Modest wa maabara habari za harusi ya huko mjini Katesh. Hakugeuka.

"Shikamoo, Sista," Oliva alirudia.

Violeth akapuliza chai yake. Na Oliva, mtu mzima mwenye akili zake timamu, akasimama kusubiri. Akili ilimwambia sema, mdomo ukagoma. Alisubiri chapati ikaisha, chai ikaisha, mpaka Hadiya alipotokea mlangoni, mikono imejaa damu hadi viwikoni.

"Ufunguo," Hadiya alisema. Hakumwamkia mtu.

Dawa ilichomwa ikiwa imechelewa. Daktari alilazimika kumpasua Fransiska na kumtoa kizazi. Alipona, ndiyo, lakini hatazaa tena, na bado ni binti mdogo.

Violeth alinawa, akapaka mikono mafuta, akatoka nje kwenye benchi alipokaa Tluway, mume wa Fransiska. Oliva alimfuata.

"Baba mtoto, mlichelewa kumleta," Violeth alisema kwa ile sauti tamu aliyowawekea ndugu wa wagonjwa. "Mngewahi, tungekiokoa kizazi. Sisi tumejitahidi."

Tluway aliinuka, akavua kofia.

"Asante sana, Sista. Sisi watu wa shamba tunakosea. Mtusamehe."

Kumbe hata msamaha wauguzi ndio walioombwa. Oliva akapita mbele ya Violeth.

"Hamkuchelewa, kaka," alisema. "Mliwahi, na dawa ilikuwepo. Mkeo alikuwa anatoka damu, mimi nimesimama chumba cha chai namsubiri huyu aitikie salamu yangu."

"Oliva," Violeth aliita polepole.

Tluway hakumtazama Violeth. Alirudisha kofia kichwani, akamkazia Oliva macho.

"Salamu?" aliuliza.