Jibu la Murhula

Mwaka wa 2002 vita ilifukuza mutoto wangu Murhula kutoka ku machimbo ya dhahabu ya Shabunda. Watu walisema alivuka mupaka, lakini haikufika barua hata moja.

Mujukuu wangu Élodie alikuwa anatumika ku biro ya kanisa, paroisse ya Muhumba. Aliweka ndani ya seriva yao ya Linux programu ndogo ya kuandika habari ku internet, tumutafute Murhula, na watu waweze kujibu pale. Mara ya kwanza ilikataa, kwani dosiye yake, ile folda ya kuhifadhi, haikuruhusu kuandikwa. Akairuhusu, ukurasa ukatokea, mutupu.

"Koko, tumuandikie nini tonton Murhula?" Élodie akaniuliza.

"Andika: Murhula, nyumba yangu haina mulango."

"Koko! Kile kitendawili kila mutu anajua ni yai."

"Ndiyo maana. Yeye tangu utoto anajibu 'tumbo ya maman', na hakubali kushindwa. Mudanganyifu hawezi kujua ile."

Kila asubuhi tulifungua ukurasa. Kwa mwezi mmoja yalikuja majibu kumi na moja, kutoka Kigali, Bruxelles, hata Kanada.

"Ni yai, maman."

"Yai, maman. Mungu akusaidie."

Élodie aliuliza kwa sauti ya chini, "Niyafute yote, Koko?"

"Uyaache. Siku hizi ni nani mwingine ananiita maman?"