Fadhul na Siku Moja Iliyobaki

Jumatano asubuhi Madina alimwogesha Fadhul kwenye beseni, akampaka mafuta mpaka kisogoni, kisha akamfunga mgongoni mwa mdogo wake. Mdogo mtu, Khadija, alikuwa na miaka minne. Kaka mtu alikuwa na miezi minane na siku ishirini na tisa.

Alikuwa na umri huo tangu vita. Mwaka wa sabini na tisa, ilipobaki siku moja tu achanjwe surua, risasi zilifika Jinja na jokofu la zahanati likaondoka juu ya toroli. Kwenye kadi yake palikuwa pameandikwa: surua, miezi tisa. Fadhul, mtoto wa kushika neno, akangoja. Miaka mitano hakuongeza jino wala kilo. Majirani wa Wanyange walisema subira huvuta heri, tena walimsifu kwa kutomaliza nguo.

Khadija hakuwa na subira hiyo. Alizaliwa, akakua mbiombio, surua ikamkuta njiani, na jicho lake la kushoto likabaki na ukungu. Kila akilitazama jicho lile, Madina aliumwa na moyo.

Sasa kipaza sauti cha msikitini kilikuwa kimetangaza kwamba kisanduku cha barafu kimefika kutoka Mbale, na chanjo ni leo, leo tu. Wanyange yote haikukalika. Madina alivaa gomesi ya Idi, akasahau kufunga mlango, akarudi, akaufunga, akasahau kadi. Njia nzima alicheka peke yake huku akihesabu maswali kwa vidole. Mtoto aliyechelewa hivi, sindano haitamdhuru? Homa ikija, ampe nini? Na ile miaka mitano, itamjia polepole au yote kwa mpigo?

Zahanati ilijaa mpaka uani. Sista Janepher alisoma kadi.

"Mama, hapa iko miaka mitano na zaidi. Surua ni ya miezi tisa. Huyu amepita."

"Hajapita, sista. Yeye alikuwa nyumbani anangoja. Nyinyi ndio mulienda."

Janepher alimfungua Fadhul kinywa, akakuta meno mawili. Akamning'iniza kwenye mizani, ikasema kilo nane.

"Kweli, hajafika," alisema. "Bado siku moja. Mulete kesho."

"Kesho kisanduku kitakuwa hapa?"

"Kesho kiko Mbale."

Fadhul, aliyekuwa bado ananing'inia, alitazama kisanduku, akamtazama mama yake, akavuta pumzi, akatimiza miezi tisa. Jino la tatu lilichomoza. Janepher alilipapasa kwa kidole, akafuta kwenye kadi, akaandika upya, akamchoma sindano. Fadhul alilia kwa sauti mpya, nene kidogo, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika uani. Madina alimbusu mtoto, akambusu Khadija, nusura ambusu na Janepher.

Kisha akakumbuka vidole vyake.

"Sista, nauliza tu. Homa ikija…"

"Mama, maswali inachelewesha laini. Mwingine!"

Mwingine alikuwa Nabifo, mke wa fundi baiskeli, na mwanawe aliyetimiza miezi tisa siku hiyohiyo. Alikuwa na maswali pia, lakini aliona yaliyompata mwenzake, akaufyata. Alimfunua mtoto paja. Janepher aliingiza mkono kisandukuni, akaukung'uta maji ya barafu, akafunga kifuniko.

"Dawa imeisha."

"Inarudi lini?"

"Mutasikia tangazo."

Vigelegele vilikatika. Nabifo alikaa kwenye benchi, akamwinamia mtoto sikioni, akamweleza yote: Mbale, kisanduku, tangazo. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akameza mate, akaanza kungoja.