Wote Wapo Kwenye Rejista

Mwalimu Dalmas Khaemba hakuwa mwongo, ila alikuwa na huruma kupita kiasi, na huruma nyingine jamani ni ya kuombewa. Kila asubuhi ya msimu wa pareto, mwaka ule wa 1957, aliita majina arobaini katika shule ya shamba moja juu ya Molo, wakaitika tisa. Wengine walikuwa kondeni na mama zao, wakichuma maua. Khaemba akawatia wote alama kwamba wapo. Shule ya watoto tisa ingefungwa, naye aliipenda shule ile kama mtu apendavyo ng'ombe wake wa pekee.

Truphosa, mchumaji aliyekuwa katika kamati ya shule, ndiye aliyepata dawa. "Mwalimu, pareto inapimwa saa saba. Fungua shule saa nane, utawaona wote, hata Nasimiyu wangu."

Kamati ikamwandikia mkaguzi wa shule, Bwana Kipketer. Jibu halikuchelewa: rejista yaonyesha watoto wote huja asubuhi, ratiba ibadilishwe ya nini?

Barua iliposomwa, Truphosa alimgeukia Khaemba. "Nasimiyu hajakanyaga hapa miezi miwili, Mwalimu. Umeandika yuko?"

Khaemba aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imewafungia mlango watoto wale wale aliotaka kuwaokoa. Akisema kweli, atapoteza ualimu mkuu na nyumba ya mwalimu. Akinyamaza, Nasimiyu atazeeka akichuma pareto.

Kipketer alipokuja kukagua, Khaemba alimkabidhi rejista kabla hajaiomba. "Bwana, hii ni uongo. Mimi ndiye niliyeuandika."

Kipketer akahesabu watoto, kisha alama. Hakupiga kelele. Alimvua uongozi palepale, akaandika apelekwe shule ya Subukia akawe mwalimu msaidizi. Chini ya karatasi ileile akaongeza: shule ifunguliwe saa nane, kwa majaribio.

Jumatatu iliyofuata Khaemba alikuwa akifunga godoro lake kengele ilipolia. Mwalimu mpya akaanza kuita majina. Khaemba aliyajua yote kichwani. Akayataja polepole pamoja naye, akingoja kimya alichokizoea.

"Nasimiyu?"

"Niko, Mwalimu!"

Khaemba akaketi juu ya godoro, akasikiliza mpaka jina la arobaini.